Mbuzi Waliorudi Mwitu



Kijana mmoja wa hapa kwetu Nduguti, wilaya ya Mkalama, ameniletea swali ambalo nimeona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote. Ana ndugu yake anayesoma katika nchi ya Scotland, na huyo ndugu alimwarifu kwamba siku moja alipokwenda kutembea milimani alikuta kundi la mbuzi wenye manyoya marefu na pembe kubwa zilizopinda kwa nyuma. Hawakuwa na mchungaji, wala zizi, wala kengele shingoni, na wenyeji wakamwambia kuwa mbuzi wale si wa mtu. Basi kijana wetu akauliza: "Mwalimu, yawezekanaje mbuzi akawa si wa mtu? Na mimi nikimkuta mbuzi juu ya majabali ya hapa kwetu, hana mchungaji, je, naye nitasema si wa mtu?"

Maswali haya ni mawili. La kwanza ni la kutaka kujua habari za wanyama na za watu waliowafuga. La pili ni la haki, na hilo ndilo zito. Nitajibu yote mawili kwa taratibu yake.

Kwanza ifahamike kwamba mbuzi wote wa mjini na wa shamba asili yao ni wanyama wa porini. Wataalamu wanaochimba mabaki ya kale wamepata dalili kwamba watu walianza kuwafuga mbuzi yapata miaka 10,000 iliyopita, katika milima ya Zagros, ambayo leo imo katika nchi ya Iran, na sehemu za jirani. Kutoka huko mbuzi alienea dunia nzima akifuatana na binadamu. Katika Afrika, jamaa zake wa porini hawapatikani ila kaskazini na katika milima ya Uhabeshi, ambako yuko yule aitwaye walia katika milima ya Simien. Hapa Tanzania hatuna mbuzi wa asili wa porini hata mmoja. Yule tumwitaye mbuzi mawe, anayesimama juu ya ncha za kwato zake kwenye majabali, si mbuzi kabisa; yeye ni katika jamii ya paa, na jina amepewa kwa ajili ya makazi yake.

Kwa hiyo wanyama wa porini ni namna mbili. Wako walio wa porini tangu asili, ambao babu zao hawakupata kufungwa kamba na mtu, na mbuzi mawe ni mmoja wao. Na wako waliokuwa wa nyumbani, kisha wakarudi mwitu. Mbuzi wa Scotland ni wa namna hii ya pili, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa maneno yetu yote.

Katika wanyama wa kufugwa, mbuzi ni mwepesi mno wa kurudi mwitu. Kondoo hupenda majani ya chini na hufuata wenzake kwa upofu, na ng'ombe hutaka maji mengi na malisho mapana. Lakini mbuzi hula majani ya mti, miiba, magome na machipukizi. Hupanda jabali ambalo mtu hawezi kulipanda. Na maji kidogo humtosha. Jike huchukua mimba miezi mitano tu, na mara nyingi huzaa pacha. Basi mbuzi wachache wakiachwa mahali pasipo adui wa kuwala, baada ya miaka si mingi huwa kundi, na vizazi vinavyofuata havijui tena sauti ya mchungaji.

Habari ya Scotland ni hii. Wakulima wa kale waliingia na mbuzi katika visiwa vile yapata miaka 5,000 iliyopita, na kwa muda mrefu mbuzi alikuwa mnyama wa maskini wa milimani: maziwa yake walikunywa na kufanya jibini, ngozi yake walitumia, na mafuta yake walitengenezea mishumaa. Kisha, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18 mpaka katikati ya karne ya 19, wenye ardhi wakubwa waliona faida zaidi katika kondoo wa sufi kuliko katika kodi ya wapangaji maskini. Watu wakafukuzwa katika mabonde ya babu zao, nyumba nyingine zikachomwa moto, na wengi wakasafirishwa ng'ambo. Katika kisiwa cha Rum, mwaka 1826, watu wapata 300 walipakiwa merikebuni wakapelekwa Kanada. Mtu anayefukuzwa kwake hawezi kuchukua kila kitu, na mbuzi waliokuwa majabalini hawakungoja kukamatwa. Wenyewe wakaenda, mbuzi wakabaki. Tena baadaye wako wenye ardhi waliofungulia mabeberu milimani kwa ajili ya mchezo wa kuwinda.

Mbwa mwitu wa nchi ile walikuwa wamekwisha angamizwa zamani. Adui wa mbuzi akawa ni baridi na mvua, kwani manyoya ya mbuzi hayazuii maji kama sufi ya kondoo, na kwa hiyo mvua inapozidi utawakuta wamejibanza mapangoni na chini ya miamba. Vitoto huzaliwa kati ya Januari na Machi, wakati wa baridi kali, na vingi hufa. Pamoja na hayo wako mpaka leo, maelfu machache, katika Rum, katika milima ya Galloway, na kandokando ya ziwa la Loch Lomond. Mtu apitaye huko aghalabu huwanusa kabla hajawaona, maana beberu katika majira ya kupanda ana harufu kali. Wakimwona mtu husimama wakamtazama, mmoja hupiga chafya ya kuonya, kisha wote hupanda juu taratibu.

Basi kule kusema "si wa mtu" kuna maana yake. Kulikuwa na wenyewe, na wenyewe waliondolewa. Mbuzi wale ni kama jiwe la kaburi lenye miguu: penye mbuzi, mara nyingi palikuwa na kijiji. Tena hata huko mpita njia hawi na ruhusa ya kujitwalia. Mwenye ardhi ndiye aamuaye kuwapunguza au kuwaacha, na mabishano ni mengi kati ya wapendao kuwaona na wapandao miti, kwa sababu mbuzi hula miche michanga isipate kukua.

Mfano kama huo uko karibu nasi zaidi. Katika Kenya, ndani ya ziwa Turkana, ambalo mpaka mwaka 1975 liliitwa Rudolf, kuna kisiwa cha kusini kilichotokana na mlima wa moto. Ni mahali pa mawe na upepo. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs walivuka kwenda huko, wala hawakurudi tena. Lakini mahali hapo palipowashinda watu wenye vyombo na akiba, mbuzi waliobaki bila mwenyewe wameishi na kuzaana. Kisiwa kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na mwaka 2001 kikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Na mashariki ya pwani yetu, upande wa kaskazini-magharibi ya Madagascar, kuna visiwa vya Aldabra, milki ya Ushelisheli, nyumbani kwa makobe wakubwa wapatao laki moja. Mbuzi walipelekwa huko na watu, na habari zao zimeandikwa tangu mwaka 1878. Mabaharia wa zamani walikuwa na desturi ya kuacha mbuzi visiwani ili wapitapo tena wapate nyama. Aliyewaacha alipita, akafa, akasahauliwa. Mbuzi wakazidi, wakala vichaka ambavyo makobe hujikinga kwa kivuli chake wakati wa jua kali. Kobe asiye na kivuli hufa kwa joto. Ikabidi wasimamizi wawaondoe mbuzi wote, kazi iliyofanywa kwa vipindi tangu mwaka 1987 ikamalizika mwaka 2012. Wale wa mwisho walikuwa hodari wa kujificha, hata ikatumika hila: mbuzi mmoja hufungwa shingoni chombo cha kupeleka sauti ya redio, akaachiliwa, naye kwa upweke wake akawatafuta wenziwe, na wawindaji wakamfuata.

Tazameni, wasomaji, jinsi habari hizi zinavyolingana. Kila mahali penye mbuzi mwitu, mwanzo wake ni mtu: aliyefukuzwa, au aliyekufa, au aliyeacha kwa makusudi akiwaza tumbo lake la kesho. Mbuzi hakukimbia ubinadamu. Binadamu ndiye aliyeondoka. Na gharama ya kuondoka huko hulipwa na wengine: mche, kobe, na mbuzi mwenyewe.

Sasa nageukia swali la pili: mbuzi aliyekutwa majabalini hapa kwetu ni wa nani?

Jambo hili lina hukumu, na hukumu zake zimetajwa zamani. Katika Hadithi iliyopokewa na Zayd bin Khalid al-Juhani, iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mbuzi aliyepotea, akaruhusu achukuliwe, kwa kuwa asipochukuliwa na aliyemkuta atachukuliwa na mwingine au ataliwa na mbwa mwitu. Alipoulizwa juu ya ngamia alikasirika, akaamuru aachwe, kwa kuwa ngamia ana miguu yake na maji yake tumboni, atakula miti mpaka mwenyewe amkute. Ieleweni hekima iliyomo: mnyama awezaye kujilinda huachwa, na asiyeweza huchukuliwa ili ahifadhiwe. Kumchukua mbuzi ni kumwokoa, kisha mali ya mtu iwe salama pamoja naye.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ifuatwayo na wengi katika nchi zetu, wamefafanua zaidi. Aliyemwokota mbuzi nyikani ana njia tatu: amweke na kumtangaza, au amuuze, aweke thamani yake na kutangaza, au amle, na thamani yake iwe deni juu yake. Ama aliyemwokota karibu na makazi ya watu, njia ya tatu haimo. Hana ruhusa ya kumla, bali achague katika hizo mbili za kwanza. Na muda wa kutangaza ni mwaka mzima. Wamesema pia kwamba mtu aliyekwisha mmiliki mnyama, hata awe mnyama wa kuwindwa, kisha akamponyoka, umiliki wake hauondoki kwa kule kuponyoka.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wako waliosikia Hadithi ya Rafii bin Khadij, ya kwamba ngamia mmoja alikimbia katika safari, watu wakashindwa kumkamata, mtu mmoja akamrushia mshale, na Mtume (S.A.W.) akaeleza kwamba wanyama hawa wa kufugwa wako wanaokuwa wakali kama wa porini, na awashindaye na afanyiwe hivyo. Mtu akisikia haya husema: "Basi mbuzi aliyekuwa mwitu ni windo." La! Hadithi ile yahusu namna ya kuchinja, haihusu ni mali ya nani. Ukali wa mnyama hubadili njia ya kumchinja. Haki ya mwenyewe haibadiliki. Mwenye kushika neno hili moja ameshika nusu ya jibu langu.

Nusu ya pili ni hali ya nchi yetu. Hapa Mkalama hatuko kisiwani. Kuna fisi, kuna chui katika vilima, kuna chatu. Mbuzi aliyeachwa peke yake hapa haanzishi ukoo wa mwitu, huliwa. Basi ukimkuta mbuzi hai, mzima, juu ya jabali, yakini ni kwamba ana mtu karibu au alikuwa naye si zamani. Tena desturi yetu wote twaijua: mazao yakiisha kuvunwa, nyumba nyingi huwaachia mbuzi wakajitafutie, watoto wakirudi shule. Mbuzi bila mchungaji katika miezi hiyo ni kama kuku uani. Nani atasema kuku wa uani si wa mtu?

Nitatoa mfano mmoja uliotokea katika kijiji cha jirani. Vijana wawili walimkuta mbuzi jike na vitoto viwili katika mapango ya mawe, wakali hata hawakaribiki. Walisema wamewaona hapo tangu masika ya mwaka uliotangulia, na kwamba hao sasa ni mbuzi mwitu. Walikwisha noa kisu. Mzee mmoja aliyepita njia akawaomba wamshike kwanza yule mama, wakamshika kwa taabu. Mzee akampapasa sikio la kushoto, akaona mkato wa zamani umekwisha kufunika manyoya. Alama ile ilikuwa ya nyumba ya mjane mmoja ambaye mbuzi wake walitawanyika usiku fisi alipovunja zizi. Mama yule alikuwa amekwisha kata tamaa, na ada na madaftari ya mjukuu wake vilikuwa vikingoja mbuzi kama hao. Wazee wakakaa, wakaamua mama arudishiwe mbuzi wake wote watatu, naye kwa hiari yake akawapa vijana kitoto kimoja kwa taabu yao ya kukamata. Vijana wakapata halali chao kimoja, badala ya kula haramu tatu.

Yafuatayo basi ni mashauri yangu kwa vijana wachungao na wapitao vilimani.

Ukimkuta mbuzi pekee, usimfukuze, maana mbuzi anayekimbizwa huzidi kwenda mbali na kwao. Mtazame masikio, shingo na kwato. Mkato, alama ya moto, kipande cha kamba au hereni ni maandishi ya mwenyewe. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 imeweka njia ya mifugo kutambuliwa, na hereni ni katika njia hizo. Asipokuwa na alama, bado usihukumu. Peleka habari kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji, na msikitini itangazwe baada ya sala.

Ukikikuta kitoto cha mbuzi kimelala peke yake chini ya kichaka au kati ya mawe, usikibebe. Tabia ya mbuzi ni kumficha mwanawe katika siku zake za kwanza, akaenda kula, kisha akarudi kumnyonyesha. Watoto wetu wengi hubeba vitoto hivyo wakidhani wanaviokoa, na mama akirudi hakuti kitu. Ondoka, kaa mbali, ungoja. Mama asiporudi mpaka jua kukaribia kuzama, hapo ndipo uokoe, na utangaze.

Na ukimwokota, ukamlisha na kumnywesha, kumbuka kwamba umeshika amana. Kama huwezi kumlisha, mkabidhi awezaye. Kunung'unika juu ya majani aliyokula huku ukimkama maziwa kwa siri si uaminifu.

Na kwa wazazi wenye mbuzi nina neno pia, kwani haki ni ya pande mbili. Tieni alama zinazojulikana, na majirani wazijue. Wahesabuni jioni kabla ya giza, wala msiridhike kusikia mtoto akisema "wamo wote". Akipotea mmoja, tafuteni siku ile ile, semeni wazi kwa majirani. Maana anayenyamaza miezi sita kisha akadai, huwatia wenzake katika shaka. Na mchungaji mtoto asipigwe kwa mbuzi aliyepotea kiasi cha kuogopa kusema. Mtoto anayeogopa fimbo huficha habari, na habari iliyofichwa leo ndiyo mbuzi aliyeliwa na fisi usiku.

Basi kijana wangu, jibu lako ni hili. Mbuzi wa milima ya Scotland walikuwa wa watu, watu wakaondolewa, na waliobaki wakakosa wa kuwauliza. Wewe unaye wa kumwuliza. Kabla hujasema mnyama huyu si wa mtu, teremka kilimani, uulize nyumba ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Aghalabu hutafika ya nne.

Wabillahi tawfiq.